Sehemu ya 9: "Dada nesi, hii suti nyeupe itamlinda mtoto wangu?"

Nyie baba mnaosoma kimya kimya, nawaona. Sehemu iliyopita tuliongea kuhusu umanjano wa mtoto mchanga, asanteni kwa maswali. Leo natoka kidogo nje ya wodi, nakwenda kiwandani. Kuna sababu, nivumilieni.

Mnaonifuatilia siku nyingi mnajua nafanya kazi Phoenix, Arizona, huku Marekani. Waswahili tupo wengi kuliko unavyodhani: Wakongo waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, Wakenya, na sisi Watanzania wachache wa kuhesabika. Na mji huu sasa hivi wimbo ni mmoja tu: chipu. Intel ina viwanda vyake Chandler tangu zamani, na mwaka 2021 TSMC ya Taiwan ikaanza kujenga kaskazini mwa Phoenix. Viwanda vinataka mafundi. Ndiyo maana mwaka 2022 vyuo vya kaunti ya Maricopa vikaanzisha kozi fupi ya kumwonjesha mtu kazi hiyo: siku kumi, saa nne kwa siku, basi. Ukitaka kwenda mbali zaidi kuna diploma ya miaka miwili.

Chipu ni kale kadude kadogo ndani ya simu yako. Kamo pia ndani ya kipima sukari, ndani ya mashine ya dripu, ndani ya mashine inayosikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Mimi nesi bila chipu siku hizi sifanyi kazi.

Sasa, kuna mama mmoja. Sitamtaja jina, na nimebadilisha vitu vichache asijulikane, ila kaniruhusu niwasimulie. Mkongo wa Uvira, amekaa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Alikuwa anasafisha vyumba hotelini, vyumba kumi na sita kwa siku, mgongo umekwisha. Akasikia habari ya hiyo kozi. Akaenda kuulizia, akapata nafasi, aanze Jumatatu.

Jumapili kabla ya hiyo Jumatatu akanivuta pembeni baada ya ibada, pale kwenye maegesho ya magari.

"Dada nesi, niko na mimba. Wiki saba. Bwana anasema niende kusoma. Mama mkwe anasema zile dawa za kiwandani zitaua mtoto. Ile ingine ilitoka Nyarugusu, unajua. Miezi minne. Sitaki ingine itoke kwa sababu yangu."

Kisha akanionyesha picha kwenye simu. Watu wamevaa suti nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, macho tu ndiyo yanaonekana. Akauliza: "Lakini si wanavaa hii? Hii haitamlinda mtoto?"

Jamani, nilikaa kimya. Nilitaka kumwambia "ndiyo, usiwe na wasiwasi," kwa sababu ndivyo tunavyopenda kuwajibu wajawazito. Lakini sikuwa na uhakika. Nikamwambia nipe hadi jioni.

Niliyoyapata jioni ile, na niliyoendelea kuyasoma baadaye, ndiyo nawaletea leo.

KWANZA, SUTI

Chipu inatengenezwa juu ya sahani nyembamba ya silikoni, wenyewe wanaita wafa. Kubwa zake zina upana wa milimita 300, karibu sawa na sahani ya kupakulia wali wa watu wawili. Juu yake wanachora njia za umeme ndogo kiasi kwamba huwezi kuzipima kwa milimita. Wanapima kwa nanomita. Nikupe mfano wa kinesi: chembe moja nyekundu ya damu yako ina upana wa nanomita 7,000 hivi. Kwa hiyo kipande kidogo tu cha ngozi iliyopukutika, au unga wa poda, kikidondokea pale, chipu imeharibika.

Na sisi binadamu tunapukutika, mama yangu. Ukikaa, ukitembea, ukikuna sikio, vinadondoka vitu maelfu usivyoviona. Ndiyo maana wanaingia kwenye chumba safi wamefunikwa namna ile. Wanavaa kuanzia juu kwenda chini, ili vumbi la juu lisidondokee nguo safi ya chini: kofia ya nywele, kofia kubwa inayoshuka mabegani, ovaroli, buti, glovu. Hakuna poda, hakuna manukato, hakuna wanja.

Sasa nisikilize vizuri. Ile suti inailinda WAFA dhidi yako. Haikulindi wewe dhidi ya kemikali.

Mimi hili nililielewa haraka kwa sababu ni kama chumba cha upasuaji. Gauni langu tasa pale kazi yake kubwa ni kumlinda mgonjwa nisimpelekee vijidudu vyangu. Nikienda kupiga picha ya eksirei, gauni lile halina faida yoyote, nahitaji aproni ya risasi. Kila hatari ina vazi lake. Kiwandani ni vilevile. Anayeshika asidi anaongezewa aproni nzito ya plastiki, kinga ya uso na glovu ndefu nene za asidi, juu ya ile suti. Ukiona mtu yuko na suti nyeupe peke yake, amevaa kwa ajili ya wafa.

PILI, MAMA MKWE HAKUKOSEA MOJA KWA MOJA

Mnajua sisi manesi tuna tabia ya kuwacheka mama wakwe. Huyu nilishindwa kumcheka.

Miaka ya 1980 wanawake wa kiwanda kimoja cha chipu cha Hudson, Massachusetts, walianza kuona mimba zinatoka sana. Watafiti wakaja kuangalia, wakakuta kweli. Kukawa na kelele, tafiti kubwa zaidi zikafanywa, na kufikia 1992 kidole kikawa kimenyooshwa kwenye kundi la viyeyusho vinavyoitwa glaikoli etha, vilivyokuwa vinachanganywa kwenye dawa ya kupaka juu ya wafa. Viwanda vya Marekani vikaanza kuviacha vile vibaya zaidi.

Korea Kusini kulikuwa na binti anaitwa Hwang Yu-mi. Alianza kazi kiwanda cha chipu cha Samsung mwaka 2003 akitoka tu shule. Akapata saratani ya damu, akafariki 2007 akiwa na miaka 22. Baba yake, dereva wa teksi, alihangaika miaka na miaka kudai kwamba kazi ndiyo ilimuua mwanawe. Mahakama ikaja kumkubalia kwamba ni ugonjwa wa kazi, na mwaka 2018 kampuni ikaomba radhi hadharani.

Na hili la mwisho lilinigusa mimi binafsi. Hukohuko Korea, kisiwa cha Jeju, manesi wanne wa hospitali moja walizaa watoto wenye matatizo ya moyo. Wakati wa ujauzito walikuwa wanasaga vidonge vya wagonjwa, na baadhi ya vidonge vile ni hatari kwa mimba. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya nchi ikaamua kwamba mtoto akiumizwa tumboni kwa sababu ya kazi ya mama yake, hilo nalo ni jeraha la kazini.

Manesi, mama zangu. Mimi nimesaga vidonge nikiwa na mimba ya mwanangu wa kwanza. Nilisaga kila zamu. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Mwanangu mzima, namshukuru Mungu, lakini ilikuwa bahati. Sikuwa nimejilinda.

Kwa hiyo sisemi kiwanda cha chipu ni kibaya kuliko kazi nyingine. Mama wa saluni anapumua dawa za nywele. Mama wa shamba la maua anashika dawa za wadudu. Yule mama yetu wa hotelini alikuwa anapulizia dawa za vyoo kwenye bafu kumi na sita kila siku na hakuna aliyemuuliza kuhusu mimba yake. Kazi karibu zote zina kitu. Tofauti ni kama unakijua au hukijui.

TATU, JIBU NILILOMPA

Jioni nilimpigia, nikamwambia aweke spika mama mkwe naye asikie.

Nikasema hivi. Kozi nenda. Nimeuliza chuoni, kwenye zile siku kumi mtajifunza kuvaa, kushika spana, kupima, kufuata maelekezo hatua kwa hatua, kuelewa mashine za utupu. Hamtamwaga asidi. Lakini siku ya kwanza mwambie mwalimu una mimba, na uulize kama kuna kemikali yoyote mtakayoshika. Ukiingia kiwandani, hapo ndipo maswali makubwa yanaanza.

Mama mkwe akauliza kwa sauti ya chini, "Na wakimfukuza kwa kuuliza?"

Swali zuri. Sikumdanganya. Nilimwambia sheria ipo upande wake, ingawa sheria na bosi mbaya ni vitu viwili tofauti. Hapa Marekani tangu Juni 2023 kuna sheria ya wajawazito kazini, inayohusu waajiri wenye wafanyakazi 15 na zaidi. Inamtaka mwajiri ampe mjamzito nafuu inayowezekana: kukaa badala ya kusimama, maji, choo, kubadilishiwa kazi kwa muda. Na tangu mwisho wa 2022 kuna sheria iliyopanua haki ya mama anayenyonyesha: muda wa kukamua maziwa na chumba cha faragha ambacho SI choo, mpaka mtoto afikishe mwaka.

Akaenda. Siku ya kumi akanitumia picha amevaa suti nyeupe, na tumbo halijaanza hata kuonekana. Nilicheka peke yangu kwenye gari.

Ila niwe mkweli: cheti cha siku kumi kinakufungulia mlango, hakikupi kiti. Hakuahidiwa kazi, na hakupata. Alirudi hotelini, safari hii akiwa na glovu na dirisha wazi. Mtoto alizaliwa salama, wa kike, kilo tatu na kidogo. Alipofikisha miezi minne ndipo mama akaitwa kwenye usaili, kampuni moja inayohudumia mashine za viwanda hivyo. Akachukuliwa kama fundi wa matengenezo. Zamu za saa kumi na mbili, wiki moja siku tatu, wiki nyingine siku nne, mara nyingi usiku.

Siku ya maelekezo akanyanyua mkono. "Mimi nanyonyesha. Kuna kemikali gani sehemu nitakayofanya kazi?"

Aliyekuwa anawafundisha akamjibu: "Usijali, suti itakulinda."

Mama yule akanyanyua mkono tena. Kwa Kiingereza chake cha kuungaunga akasema, "Hapana. Suti inalinda wafa."

Anasema chumba kizima kiligeuka. Yule mwalimu akakwama, akasema atauliza. Kesho yake hakuleta kitu. Mama akauliza tena. Siku ya tatu akaja mtu wa usalama na karatasi. Wakaketi, wakazipitia moja moja. Moja ya viyeyusho vya kusafishia vipuri ilikuwa na onyo la uzazi, inaitwa NMP. Wakampanga upande wa pampu za utupu na vipuri visivyoguswa na hicho kiyeyusho, mpaka atakapoacha kunyonyesha. Hakupoteza kazi wala mshahara.

Aliponisimulia nililia kidogo. Mimi nesi mwenye leseni sikuuliza kuhusu vidonge. Yeye mgeni, siku ya kwanza, ameuliza mara tatu.

NNE, MASWALI YAKO

Nakili haya uyaweke kwenye simu. Yanafaa kiwanda cha chipu, saluni, shamba, maabara, popote.

1. "Naomba karatasi ya usalama ya kila kemikali nitakayoishika." Kila kemikali ya kazini inapaswa kuwa nayo. Ya hapa Marekani ina sehemu 16. Hutaweza kuzisoma zote, nenda sehemu ya 2 inayotaja hatari, ya 8 inayotaja kinga, na ya 11 inayotaja madhara mwilini. Tafuta maneno yanayotaja uzazi, mtoto wa tumboni au anayenyonya. Ukiona H360, H361 au H362, simama hapo, piga picha, nenda nayo kliniki. Kwenye chupa angalia alama ya almasi yenye mstari mwekundu na picha ya mtu mwenye nyota kifuani. Hiyo inaonya madhara ya ndani ya mwili, lakini H362, ile ya mtoto anayenyonya, haina alama ya picha. Usitegemee chupa peke yake.

2. "Vazi la kunilinda mimi ni lipi?" Sema hivyohivyo, "kunilinda mimi." Wakikuonyesha suti nyeupe peke yake, uliza tena.

3. "Nikimwagikiwa nifanye nini, na dawa iko wapi?" Viwanda vya chipu vinatumia asidi ya haidrofloriki. Hii ni ya ajabu: ikiwa hafifu inaweza isiume mwanzoni kabisa. Inazama kwenye ngozi, inakamata kalsiamu ya mwili, na ikiwa nyingi inaweza kusimamisha moyo. Ikikugusa hata tone, usisubiri maumivu. Vua nguo iliyolowa, osha kwa maji mengi hapohapo, paka jeli ya kalsiamu glukoneti, halafu hospitali, na uwatajie jina la asidi. Fundi ajue ile jeli ilipo kabla hajagusa mashine. Na nyie wa nyumbani: baadhi ya dawa za kutoa kutu na kung'arisha rimu za gari zina asidi hiyohiyo. Iwe juu, mbali na mtoto.

4. "Kufuli yangu iko wapi?" Fundi akifungua mashine anazima umeme na gesi, anafunga kwa kufuli yake mwenyewe, na ufunguo anakaa nao yeye. Asikwambie mtu "ingia tu, nimeshazima." Ndani ya mabomba mengine kuna gesi kama asini, inayopasua chembe nyekundu za damu. Kufuli ni yako, ufunguo ni wako.

5. "Nitakamua wapi na saa ngapi?" Ndani ya chumba safi huli, hunywi maji. Kuvua suti na kuivaa tena kunakula muda. Kwa hiyo panga mapema na msimamizi, kila baada ya saa tatu hivi, na muda wa kuvua na kuvaa uhesabiwe. Osha mikono mpaka kwenye kiwiko kabla ya kukamua. Mjamzito, kunywa maji kila ukitoka. Kubana mkojo na kukaa na kiu saa sita ni njia ya kuita UTI, na UTI kwenye mimba si mchezo.

Na swali la nyongeza, la baba: "Usiku mama akiwa zamu, nani anaamka na mtoto?" Mume wa yule mama alijifunza kupasha maziwa kwenye bakuli la maji ya moto. Mama mkwe ndiye aliyemfundisha. Ndiyo, yuleyule.

Najua wengi wenu mko nyumbani Afrika Mashariki mnasema hii ni ya Marekani. Si ya Marekani peke yake. Nyeri, Kenya, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, ipo kampuni inaitwa Semiconductor Technologies Limited, na vijana wetu wanafundishwa kazi hizi pale. Binti yako anaweza kuja nyumbani kesho kukwambia anataka kuwa fundi wa chipu. Usimkatalie kwa sababu ya hofu. Mpe hayo maswali.

Yule mama wa Uvira bado yuko kazini. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti saa kumi na moja alfajiri, anatoka zamu, amechoka sana, anacheka. Wameingia wafanyakazi wapya, mmoja mjamzito. Akamvuta pembeni pale kwenye maegesho.

Akamuuliza, "Umeshaomba karatasi?"

Haya ni maelezo ya jumla, mama zangu. Una mimba au unanyonyesha na unashika kemikali? Peleka jina la kemikali kwa mkunga au daktari wako, usipeleke hofu tupu. Sehemu ya 10 tutaongea kuhusu kuhifadhi maziwa uliyokamua, masaa mangapi nje na siku ngapi kwenye friji. Mtumie hii dada yako anayeanza kazi Jumatatu.